Banda la karakana na betri za sola: jipsam, foili au bodi za povu? Na hewa ipite wapi?

Nkuhungu Juu
Habari za mchana wakuu. Nina banda la tofali nyuma ya nyumba hapa Dodoma, futi 12 kwa 20, bati geji 30, halina silingi. Upande mmoja nafanya useremala na kuchomelea kidogo, upande wa pili nimeweka betri za sola na invata. Kuanzia saa sita mchana mle ndani hapakaliki, na invata inapiga kelele halafu inajizima. Nataka nipunguze joto kabla Oktoba haijaingia. Fundi mmoja anasema silingi ya jipsam, mwingine foili chini ya bati, jirani yangu anasema nibandike bodi za povu, zile nyeupe zinazokuja kwenye katoni za televisheni, eti rahisi na kazi inaisha siku hiyohiyo. Bajeti laki nane, isizidi. Kipi bora?

Kobe Mzee
Betri gani mkuu? Za maji, kavu, au lithiamu? Ziko ngapi? Umetueleza bati mpaka geji yake, betri umezipita kimyakimya.

Mama Seremala
Na ukuta una urefu gani? Madirisha yapo? Halafu hiyo invata umeifungua lini ukapuliza vumbi? Ukipiga randa na msasa chumba kimoja na invata, feni zake zinajaa unga wa mbao, inapata joto yenyewe kabla hata ya jua.

Fundi Paa
Foili, funga mjadala. Ila iwekwe kwa akili. Upande unaong'aa utazame chini, na kati yake na kitu chochote kilicho chini pawe na nafasi ya hewa, sentimita mbili na nusu hivi au zaidi. Ikigusana na bodi imekuwa karatasi tu. Mafundi wengi wanaitazamisha juu, vumbi la Dodoma linatua juu yake, msimu mmoja mng'ao umekwisha. Itandaze juu ya papi, zile mbao zinazobeba bati, kabla ya bati. Kama bati liko tayari, ibanwe chini ya papi kwa fito.

Kilifi Kwetu
Nyinyi watu wa bara mnapenda gharama. Paka bati rangi nyeupe kwa juu, basi. Huku kwetu nimepaka la jikoni na tofauti unaisikia kwa kiganja tu ukiligusa.

Fundi Paa
Kilifi mvua inakuoshea bati bure. Dodoma kuanzia Mei hadi Novemba hakuna mvua ya maana, nyeupe inageuka kahawia. Atapanda kila mwezi na ndoo?

Kilifi Kwetu
Apande. Mazoezi.

Kobe Mzee
Bodi za povu mimi nakataa kabisa, na sababu ni hiyo "kuchomelea kidogo". Cheche moja ikiingia kwenye povu, linayeyuka linadondoka likiwaka, na moshi wake mweusi haukupi nafasi ya kutafuta mlango. Jirani wa mleta mada ana nia njema, ila hachomelei.

Zamani Kibarua
Mmetaja cheche, acheni nisimulie. Nilikuwa kibarua kwenye karakana moja ya vyuma Morogoro. Bosi alikuwa anachaji betri mbili kubwa za lori usiku kucha ndani ya stoo, kachumba kadogo, dirisha kaliziba kwa bati kwa kuogopa wezi. Asubuhi ukifika mlangoni unazisikia zinachemka kama uji. Siku hiyo mvua ilikuwa inanyesha, akamwambia kijana mmoja akatie nondo pale mlangoni pa stoo asilowe. Grenda iligusa nondo, cheche zikaruka ndani, tukasikia mlio mmoja mkavu. Kifuniko cha betri tulikikuta juu kwenye kenchi. Kijana alikuwa amevaa miwani ya kukatia, ndiyo iliyomwokolea macho. Tulimmwagia maji ya pipa la kulowanishia tofali, bila kupumzika, mpaka bajaji ikafika. Suruali yake ya jinzi siku ile ilionekana nzima kabisa. Mkewe alipoifua, ilitoka kwenye beseni vipandevipande.

Bosi mpaka leo anasema betri ilikuwa mbovu. Wapi! Betri ya maji ikichajiwa inatoa haidrojeni, haina rangi wala harufu, na ikifika asilimia 4 ya hewa ya chumba inawaka. Nyepesi, inapanda juu. Mleta mada anataka kuchomelea humo humo.

Fundi Paa
Pole kwa kijana, ila ile ilikuwa stoo iliyozibwa. Banda hili halina silingi, hewa inatoka kwenye migongo ya bati mchana na usiku.

Zamani Kibarua
Ndiyo nami nasema hivyo! Leo inatoka. Akifunga jipsam kaifungia. Mafundi wanaacha tofali za matundu kule juu karibu na bati, silingi ikija yale matundu yanabaki juu yake, chumba chenyewe hakina hata moja. Akiweka silingi atoboe upya, chini kidogo ya silingi, na mengine usawa wa sakafu ukuta wa pili.

Voti Arobaini na Nane
Ukubwa wa matundu unapigiwa hesabu, wakuu. Ipo kanuni ya kimataifa, IEC 62485-2. Tuseme betri nne za maji za 12V 200Ah (Ah ni ampia-saa, kipimo cha uwezo wa betri), zimeungwa 48V. Hizo ni seli 24. Kwa chaji ya nguvu unachukua miliampia 20 kwa kila Ah: 0.05 × 24 × 20 × 200 ÷ 1000, unapata mita za ujazo 4.8 za hewa kwa saa. Tundu la kuingizia na la kutolea, kila moja 28 × 4.8, yaani sentimita za mraba kama 134. Kipande cha sentimita 12 kwa 12 kinatosha. Weka wavu, lakini ongeza ukubwa, maana wavu unakula nafasi.

Kwa hiyo gesi inaondoka kwa tundu dogo. Joto haliondoki kwa tundu hilo, usichanganye mambo mawili. Betri za risasi, yaani za maji na kavu, zinapenda nyuzi 25, na ukizidisha nyuzi 10 umri wake unakatika kama nusu.

Mama Seremala
Basi aweke feni ya kuvuta hewa nje.

Voti Arobaini na Nane
Mama, mota ya feni nayo inaweza kutoa cheche, na ukiiweka juu inavuta gesi yote kupitia kwenye mota. Kama lazima feni, iwe chini, isukume hewa safi kuingia.

Nkuhungu Juu
Asanteni wakuu, nilikuwa safarini. Ukuta futi 9, dirisha moja dogo, nimelipigia mbao kwa sababu ya wezi. Betri ni nne, 200Ah, 48V kama mkuu alivyokisia. Ni za kawaida tu.

Kobe Mzee
"Za kawaida" ni zipi? Zina vizibo vya kuongezea maji au hazina?

Sola Bila Stresi
Uza zote, nunua lithiamu fosfeti moja ukutani, haitoi gesi ukiitumia vizuri. Mjadala wote huu wa matundu unaisha.

Voti Arobaini na Nane
Kwa laki nane? Na lithiamu nayo joto linaizeesha, atarudi palepale kwenye bati. Rahisi zaidi ni kujenga kikabati cha tofali nje, ukuta wa kusini-mashariki, chenye paa lake na matundu juu na chini, betri zikae humo. Karakana ibaki karakana.

Kilifi Kwetu
Nje zitaibwa kabla plasta haijakauka.

Fundi Paa
Geti la nondo za milimita 12 na kufuli mbili. Nje kwangu kuna jenereta mwaka wa tatu haijaguswa.

Kilifi Kwetu
Haijaguswa kwa sababu mwizi hana kreni.

Nkuhungu Juu
Nimekwenda kuangalia. Mbili zina vizibo, mbili hazina. Zile mbili kavu niliongeza mwaka jana baada ya za zamani kufa.

Kobe Mzee
😳

Voti Arobaini na Nane
Mkuu! Umeunga za maji na kavu mstari mmoja? Zinataka voti tofauti za chaji. Ukizipa za maji kiasi kinachozitosha, zile kavu zinazidishiwa, zinaachia gesi kwenye valvu na zinakauka, na huwezi kuziongezea maji. Zitenganishe leo, hata kabla ya hilo bati.

Fundi Paa
Sawa, lakini foili bado anaihitaji.

Mama Seremala
Na vumbi apulize.

Nkuhungu Juu
Fundi wa jipsam kafika na bodi zake kwenye guta, nimemwambia asubiri kivulini kwanza.

Chamwino Boy
Mkuu, hizo kavu mbili unaziachia kwa shilingi ngapi? Nipo karibu.