Leva nimenunua kwa pesa yangu, gemu ya treni inaifanya kitufe cha kibodi

Wakuu, salaam. Uzi huu ni mrefu na nimeuandika nikiwa na hasira, lakini kila neno nalimaanisha, kwa hiyo naomba msome hadi mwisho kabla ya kunijibu "achana nayo, ni gemu tu".

Kwa wasiofuatilia mambo haya: kuna gemu za kompyuta za kuendesha treni, na kuna vifaa vyake maalumu vya kuendeshea. Si pedi ya gemu inayoshikwa kwa mikono miwili, si usukani wa magari. Ni dawati dogo la mezani lenye leva. Kinachofahamika zaidi ni RailDriver cha Marekani. Unakichomeka kwa USB na unapata leva ya kuchagua mbele au nyuma, leva moja ya kuongeza moto na kufunga breki ya injini, leva ya breki ya treni nzima, leva ya breki ya kichwa cha treni peke yake, swichi za taa na waipa, pamoja na safu za vitufe. Wajapani walianza zamani zaidi. Densha de Go! ya Taito iliingia kwenye kumbi za michezo mwaka 1996, na ilipofika PlayStation mwaka 1997 ikatoka na kifaa chake cha nyumbani chenye mkono wa mwendo na mkono wa breki.

Sasa malalamiko yangu. Nilinunua toleo jipya la gemu fulani, jina la kampuni naliacha, kwa sababu moja tu: ukurasa wa mauzo ulisema kifaa changu kinakubalika. Nikalipa, nikachomeka. Honi inalia. Taa zinawaka. Waipa zinafuta. Leva, ambazo ndizo zinazomfanya mtu anunue dawati lile, ni vurugu tupu.

Tatizo liko hivi. Leva ya treni husogea kwa hatua ziitwazo notchi, na inapokuwa notchi ya 4, injini nayo iko notchi ya 4. Dereva hana haja ya kuangalia, mkono wake unajua. Gemu hii haisomi leva iko wapi. Inachosoma ni kwamba leva imesogea, kisha inajibofyea vitufe vya kibodi kwa niaba yangu: leva imepanda hatua nne, bofya mara nne. Kompyuta ikielemewa kidogo, kwa mfano treni inapoingia stesheni kubwa na gemu inapakia majengo yote yale, mbofyo mmoja unapotea. Kuanzia hapo mkono wangu uko notchi ya 4 na injini iko notchi ya 3, na hakuna cha kuwapatanisha mpaka nirudishe leva sifuri nianze upya, katikati ya safari, abiria wangu wa kwenye kioo wakiwa wamerushwa mbele na nyuma.

Kwenye mwendo mtu anaweza kuvumilia. Kwenye breki haiwezekani, na hapa ndipo damu inanichemka.

Breki ya treni inaendeshwa na upepo. Kuna bomba linalopita kuanzia kichwa hadi behewa la mwisho, limejaa upepo, na ukitaka kusimama huongezi upepo, unaupunguza. Kwa treni nyingi za Ulaya bomba hilo linakaa bar 5 (bar ni kipimo cha msukumo wa upepo). Ukishusha hadi 4.6 hivi breki zinaanza kushika, na ukifika 3.5 umeshafunga breki yote ya kawaida. Yaani ustadi wote wa dereva, kutoka kugusa kidogo hadi kukaza kabisa, umo ndani ya bar moja na nusu! Treni za mizigo za Marekani hupima kwa psi, na kwa kawaida ni psi 90. Unaanza kwa kushusha 6 au 8, na ukishaondoa 26 hivi hakuna breki ya kawaida iliyobaki, imebaki ile ya dharura. Tena breki yao ya mizigo huwezi kuilegeza kidogo kidogo. Ukiiachia, imeachia yote, na upepo uliotumika lazima ujazwe upya kutoka kichwani, jambo ambalo kwenye treni yenye mabehewa mia na zaidi linachukua dakika kadhaa. Ukifunga na kuachia, ukafunga na kuachia, kwenye mteremko mrefu, unaishiwa upepo na treni inakukimbia. Madereva wa kweli wamekufa kwa kosa hilo.

Hiyo ndiyo raha ya gemu hizi kwetu sisi tunaozipenda. Kufikiria mteremko kabla hujaufikia. Kushusha psi 8, kusubiri, kusikiliza, kuongeza 2. Sasa leva yangu ikiruka kutoka 8 hadi 13 kwa sababu programu imehesabu mibofyo vibaya, siwezi kurudisha 5, maana breki yenyewe hairuhusu. Safari imeharibika, na mkono wangu ulikuwa mahali sahihi kabisa. Mtu aliyeandika mfumo wa upepo wa gemu hiyo amefanya kazi nzuri sana, nampa heshima yake. Kisha mwenzake ofisi moja akaipitisha kazi yote hiyo kwenye vitufe vya kibodi.

Kuna jambo la katikati ya leva pia. Vijiti vya pedi vina springi, ukiviachia vinarudi kati, na havirudi sawasawa kila mara. Kwa hiyo gemu huacha kipande cha katikati bila kukisoma, na kwa pedi ni sahihi. Leva ya treni haina springi hiyo. Leva ya moto na breki ya injini kwa pamoja, kazi yake nyingi iko karibu na katikati: upande huu notchi ya 1, upande ule mwanzo wa breki. Wao wamekiacha kipande hicho kikiwa kimekufa vilevile kama cha pedi, na hakuna ukurasa wowote kwenye mipangilio wa kukibadilisha. Nasukuma leva, hakuna kitu. Nasukuma tena, hakuna kitu. Nasukuma kidogo zaidi, treni inaruka.

Na pedali? Treni za Ujerumani zina kifaa cha usalama kiitwacho Sifa. Dereva anakanyaga pedali, na ndani ya kila sekunde 30 anatakiwa kuiachia kidogo kisha kukanyaga tena ili kuonyesha kwamba yuko macho. Asipofanya hivyo taa inawaka, kisha king'ora, kisha treni inajifunga breki yenyewe. Nina pedali ya USB. Gemu inakubali kifaa kimoja tu kwa wakati mmoja. Nikichomeka pedali, leva zinakufa.

Nikawaandikia huduma kwa wateja. Nikaeleza haya yote kwa utulivu, nikaambatisha video zinazoonyesha mkono wangu na kioo kwa pamoja. Jibu lao: hakikisha kifaa kimechomekwa vizuri, na tatizo likiendelea jaribu kutumia pedi. Nijaribu kutumia pedi! Mtu niliyenunua gemu yao kwa sababu ya sentensi moja kwenye ukurasa wao wa mauzo.

Wasiseme ni jambo gumu kiufundi. Watu wa gemu za ndege wana SimConnect tangu Flight Simulator X ya mwaka 2006. Ni njia iliyo wazi na yenye maelezo ya maandishi, ambayo programu yoyote inaweza kuuliza ndege iko kasi gani na kuiambia leva iwekwe wapi. Ndiyo maana vifaa vya ndege vimejaa sokoni, vya bei kubwa na vya bei ndogo. Kwenye treni, Zusi 3 ya Wajerumani inazungumza na vifaa vya nje kupitia mtandao kwa utaratibu uliochapishwa, na watu wamejenga vyumba vizima vya dereva kwa kuufuata. Open Rails, ambayo ni ya bure na inaandikwa na watu wa kujitolea, inaisoma RailDriver moja kwa moja, leva kama leva. Watu wa kujitolea, jioni, baada ya kazi zao!

Hata Train Simulator ya zamani, ile iliyoanza kwa jina la RailWorks mwaka 2009, iliacha mlango. Ndani ya folda ya plugins kuna faili la RailDriver.dll, na kupitia faili hilo programu ya nje inaweza kusoma majina ya vidhibiti vyote vya kichwa, kujua kiwango chake cha chini na cha juu, na kuviweka inapotaka. Kulikuwa na kero zake. Kichwa kimoja kinaita leva ya moto Regulator, kingine VirtualThrottle, na usipojua unasukuma leva isiyosikilizwa na mtu. Lakini wadau waliandika programu zao wenyewe, wakagawana mafaili ya mipangilio kichwa kwa kichwa, mambo yakaenda. Kwenye toleo langu jipya mlango wa aina hiyo haupo. Wao hawakufanya kazi, na wametuzuia sisi tusiifanye.

Niseme na la huku kwetu. Vifaa hivi huvikuti Kariakoo. Unaagiza nje, unalipa kifaa, usafiri, kisha ushuru, na kikifika hakuna cha kurudisha, maana nauli ya kukirudisha inakula nusu ya pesa yako. Tangu treni za umeme zianze kubeba abiria Dar hadi Morogoro mwezi Juni 2024, vijana ninaowafahamu wanaoulizia gemu hizi wameongezeka. Wapo wanaoota kuwa madereva. Wanadunduliza. Nachukia kuwaona wakilipa pesa hiyo yote kwa ajili ya sentensi ya uongo kwenye ukurasa wa mauzo.

Wengine wanakwenda kwa fundi. Bodi ndogo ya kielektroniki ya Arduino yenye chipu ya ATmega32U4, potenshiometa tatu nne (vipande vinavyopima leva imezungushwa kiasi gani), sanduku la mbao, na Windows inakitambua kama joystiki ya kawaida. Kila potenshiometa inatoa hatua 1,024, zaidi ya kutosha kwa breki ya upepo. Gemu ya ndege ikikiona tu, inakuuliza mhimili huu, yaani leva hii, ni wa nini. Hii ya treni haina hata ukurasa wa kuuliza swali hilo.

Ninachodai kwa kampuni hii si kikubwa. Gemu isome leva iko wapi, na iweke kidhibiti hapohapo. Nipewe mahali pa kupima mwisho wa leva huku na huku na pa kuondoa kipande kilichokufa katikati. Vifaa viwili vifanye kazi pamoja. Kama hawataki kufanya lolote kati ya haya, basi wachapishe njia ya kuingilia, wadau wataandika. Na hadi hapo wafute neno "kinakubalika" kwenye ukurasa wa mauzo, na walionunua kwa sababu ya neno hilo warudishiwe pesa. Nimeomba kurudishiwa. Wamekataa, wakisema muda umepita, wakati muda wenyewe uliishia kwenye kusubiri majibu yao.

NYONGEZA: Wadau wawili wameniuliza pembeni kama bado kuna maana ya kununua kifaa. Jibu langu: leva yenyewe ni nzuri, sijutii leva. Anza na Open Rails, ni bure, uone kama unaipenda kazi hii. Kabla ya kulipia gemu yoyote nyingine, muulize muuzaji kwa maandishi mambo mawili: inasoma mahali leva ilipo au inabofya vitufe? Na inakubali vifaa vingapi kwa pamoja? Akikuzungusha, usilipe.

Na kwa wale wa RailWorks: mwenye faili la mipangilio la kichwa cha dizeli cha Class 66 ambalo breki ya kichwa inafanya kazi hadi mwisho wa leva, naomba aliweke hapa chini. La kwangu linaishia katikati.