Namba ya f inaruka yenyewe nikivuta lenzi, naombeni ushauri

MwanaChikongola: Wakuu, nimechukua kamera ya mtumba yenye lenzi ya 18-55. Naweka f/3.5, nikivuta tu hadi mwisho inajipeleka 5.6 na picha inakuwa giza. Ni mbovu? Jumamosi nina mahafali hapa Mtwara: darasa zima mistari mitatu nje, kisha sherehe ukumbini. Nitumie namba zipi? Msinicheke, ndo naanza.

FundiLindi: Nzima kabisa hiyo. Soma maandishi ya mbele ya lenzi, utaona 1:3.5-5.6. Ukiwa 18 apacha (tundu la kupitishia mwanga) inafunguka hadi 3.5, ukifika 55 mwisho wake 5.6. Hapo mwanga unaoingia umepungua zaidi ya nusu, usipobadilisha kitu kingine lazima picha iwe giza.

Namba ya f yenyewe ni urefu wa fokasi (hizo 18 au 55 za lenzi, ni milimita) ugawanye kwa upana wa tundu. Lenzi ya 50 kwenye f/2, tundu ni milimita 25. Kwenye f/8 ni milimita 6 na ushee. Namba ikikua, tundu linabana.

KoroshoBichi: Mistari mitatu weka f/8, tundu likibana wa mbele na wa nyuma wote wanaonekana vizuri; fokasi kwa mtu wa mstari wa kati. Watu siku hizi wanataka nyuma kufifie kila picha, halafu mzazi anakuuliza mwanangu wa mstari wa nyuma mbona kama yuko kwenye ukungu!

Mikindani_1: Nina 50 f/1.8 nauza, njoo PM.

MwanaChikongola: Hela sina mkuu 😂 Sasa mhitimu mmoja mmoja pale ufukwe wa Shangani, lenzi hii itafifisha nyuma?

FundiLindi: Kiasi chake. Vuta hadi 55, f/5.6, msogelee kifua na uso vijae, na bahari iwe mbali nyuma yake. Ukimwegemeza ukutani, ukuta utaonekana wote, apacha haikusaidii.

MwanaChikongola: Na ukumbini?

KoroshoBichi: Baki 18, f/3.5, usogee kwa miguu. ISO (kiwango cha kamera kuhisi mwanga) 3200 usiiogope. Chenga zinavumilika, picha iliyotikisika ndo basi tena. Piga kwenye A (Canon wanaandika Av): wewe unachagua apacha, kamera inatafuta shata (muda wa kuingiza mwanga). Ikishuka chini ya 1/125 ya sekunde pandisha ISO. Wakianza kucheza muziki, hata 1/200 ni taratibu mno.