Msaada: sauti za wazee wa Pemba zimo kwenye sidii za zamani na hazifunguki

binti_wa_Mtambwe

Assalaam alaykum wanajamvi. Namuomba mwenye ujuzi wa mambo ya kompyuta za zamani anisaidie.

Ami yangu, Mungu amrehemu, alikuwa akiishi Uingereza. Kila akija Pemba alikuwa na kinasa sauti mkononi, akiwafuata wazee: wavuvi wakieleza kusi na kaskazi, bamvua na maji mafu, na kina bibi wakitega vitendawili na kuimba nyimbo za kubembeleza watoto. Sauti hizo akazitia kwenye tovuti aliyoitengeneza mwenyewe, ikakaa GeoCities, ile huduma ya zamani ya kuweka tovuti bure.

Katika mizigo yake mna sidii mbili na disketi kadhaa. Sidii ya kwanza inafunguka: mna mafaili ya .htm, picha, moja la .swf, mafolda ya _vti_cnf, na mafaili ya sauti ya .ram. Nikilibonyeza la .ram, kimya. Tena kila moja halifiki hata KB 1. Sidii ya pili kompyuta inaizungusha weee, mwisho inaitema. Duka moja la kompyuta wameniambia vitu hivyo vimeshakufa, nitupe. Kaka yangu anataka sidii ikapigwe polishi. Sauti ya bibi yetu mzaa baba imo humo na hatuna nyengine. Nifanye nini?

fundi_wa_Darajani

Wa alaykum salaam dada. Usitupe kitu, na kaka mwambie asubiri na hiyo polishi.

Faili la .ram halina sauti, ndani mna anwani tu. Lifungue kwa Notepad, utaona mstari unaoanza na rtsp, pnm au http, na mwisho wake jina lenye .ra au .rm. Hilo la mwisho ndilo lenye sauti. RealPlayer, programu ya kupigia sauti, ilikuwa inasoma anwani kwenye .ram, inakwenda kuivuta sauti kidogo kidogo huku inaipiga, bila kusubiri faili zima lishuke. RealAudio, aina yake hiyo ya sauti, ilitoka 1995, na sauti ilibanwa sana ili ipite kwenye modemu za simu za kilobiti 14.4 au 28.8 kwa sekunde. Sisi huku hasa ndio tuliokuwa na haja nayo, maana kabla ya waya wa baharini wa SEACOM kuanza kazi 2009, intaneti yetu ilitegemea setilaiti.

Andika majina yote unayoyakuta kwenye .ram, kisha yatafute kwenye sidii ya pili na disketi. Ukiyapata, jaribu VLC, programu ya bure ya kupigia sauti na video. Ikigoma, FFmpeg, programu ya kugeuza mafaili ya sauti, inazisoma aina nyingi za RealAudio. Geuza ziwe WAV, na faili la asili uliweke vile vile.

maalim_Chake

Naongezea kuhusu sidii. Chukua kitambaa laini, pangusa kutoka katikati kwenda ukingoni kwa mstari mnyoofu, usizungushe. Kisha ijaribu kwenye draivu nyengine, ikiwezekana mbili tatu, kwa sababu sidii inayokataliwa na draivu moja mara nyingi nyengine huisoma. Ikianza kusomeka, usikae kusikiliza. Nakili kwanza kwa programu ya ddrescue, ambayo huchukua kilicho kizima kisha hurudia sehemu mbovu.

Disketi usizidharau. Moja ya inchi 3.5 hubeba MB 1.44, na kwa mbano ule wa sauti hizo ni zaidi ya dakika kumi za mazungumzo. Draivu yake ya USB bado inapatikana. Lakini kabla hujaitia, sogeza kile kibati cha juu utazame utando wa ndani. Ukiona madoa meupe, huo ni ukungu wa unyevu wetu huu. Usiitie, itaharibu kichwa cha draivu na kila disketi itakayofuata.

mpemba_ughaibuni

Yahoo waliifunga GeoCities tarehe 26 Oktoba 2009. Kabla ya siku hiyo, watu wa kujitolea wa Archive Team waliwahi kunakili kurasa nyingi. Tafuta anwani ya ami ndani ya zile .htm au kwenye barua zake. Za mwanzo zilikuwa na jina la mtaa na namba, mfano geocities.com/Athens/ na tarakimu. Itie kwenye Wayback Machine, hifadhi ya kurasa za zamani za intaneti, ukikosa jaribu OoCities, tovuti yenye nakala za GeoCities. Anwani za http zilizomo kwenye .ram nazo zijaribu moja moja, ingawa sauti zilihifadhiwa kwa nadra kuliko maandishi. Kitabu cha wageni mara nyingi kilikaa kwa kampuni nyengine, hicho usikitarajie sana.

Hiyo .swf ni ya Flash, programu ya zamani ya michoro inayotembea, iliyozuiwa rasmi 12 Januari 2021. Ifungue kwa Ruffle, programu inayoiga Flash. Lakini hilo la baadaye, sauti kwanza.

kijana_wa_Vikokotoni

Ukizipata tu, pandisha YouTube siku hiyo hiyo, zisipotee tena!

bi_Mkunazini

Hapana mwanangu. Hao wazee wana watoto na wajukuu. Bibi aliyemuimbia mtoto ndani ya nyumba yake hakukusudia dunia nzima imsikie, na baadhi ya familia hazipendi sauti za mama zao zitolewe nje. Kupotea kunazuiwa kwa nakala: moja Wete, moja Unguja, moja kwa jamaa wa nje. Kisha wendeeni wenyewe nyumba kwa nyumba, muwasikilizishe, muwaulize. Watakaoridhia, na Nyaraka za Taifa pale Kilimani, Unguja, muwapelekee.

binti_wa_Mtambwe

Allah awalipe kheri nyote. Kompyuta ya zamani ya skuli ya jirani imeisoma sidii ya pili! Mna mafaili ya .ra, na VLC inayapiga. Bibi namsikia anatega, watoto wanaitikia "tega!" Ila lake na la mvuvi mmoja yanakatika katikati. Nyumba kwa nyumba tutakwenda, bi, nimeshazungumza na shangazi. Hayo mawili yana dawa?

maalim_Chake

Huenda. Ile logi ya ddrescue, faili linaloweka kumbukumbu ya sehemu zilizosomeka na zilizokataa, usiifute. Itie sidii kwenye draivu nyengine, endesha tena kwa logi hiyo hiyo, itashughulika na sehemu zilizobaki tu. Nina draivu mbili za nje hapa Chake, niandikie faragha uje uzijaribu. Na disketi njoo nazo.