Mwasumini umejaa majani, maua hakuna

BintiKigamboni:
Shikamooni wakubwa, wenzangu habari zenu. Nina mwasumini hapa nyumbani Kigamboni, ule wa maua meupe ya kutungia vikuba, vile vishada vya kunukia wanavyovaa wanawake. Mama mkwe ndiye aliyeuleta kutoka Pemba, ukiwa kijiti ndani ya kopo la maziwa. Sasa umenipita kimo, umeparamia nondo za dirisha, majani tele. Maua ndiyo kizungumkuti: wiki hii mawili, wiki ijayo patupu. Na mama mkwe anakuja kabla ya Ramadhani. Huyo atauliza habari za mti wake kabla hajauliza habari za wajukuu.

Upo kando ya ukuta wa uzio, chini ya mwembe wa jirani. Jua unalipata asubuhi tu, tena la kupenyapenya. Namwagilia kila jioni, maji ya kisima. Mbolea naweka urea, kiganja kimoja kila nikikumbuka. Jambo jingine: majani machanga ya juu yanakuwa ya njano ila mishipa yake inabaki kijani. Kisu hakijawahi kuugusa, maana jirani kaniambia asumini ikikatwa hukasirika. Nisaidieni.

Kaka_wa_Mbagala:
Hiyo dume dada. Ng'oa, panda nyingine.

BiMrehani:
Marahaba mwanangu. Wewe wa Mbagala, mipapai ndiyo yenye dume na jike. Ua la asumini lina vyote viwili ndani yake, usimng'oleshe mtu mti wa mkwewe.

Mimi niko Unguja. Nyuma ya nyumba nina safu ya miasumini, na vikuba natunga kwa ajili ya harusi na kwa wateja wangu wa Alkhamisi. Mti usiochanua kwangu ni hasara ya pesa, kwa hiyo univumilie nikijibu kwa ukali kidogo.

Mti wako una njaa ya jua na umevimbiwa urea. Urea ni chakula cha majani. Mchicha upe, sawa, kwani majani ndiyo unayokula. Asumini ukiilisha hivyo inakimbilia kurefuka tu. Acha kabisa. Baadaye, mti ukishakatwa na kuanza kuchipua, utie samadi ya ng'ombe iliyooza mpaka haina harufu, na jivu kidogo la kuni.

Jua nalo halina mjadala. Mwasumini unataka jua la nusu siku, yaani kwa muda wa saa sita hivi, tena jua lenyewe, si mwanga wa barazani. Kivulini utaishi, utanenepa, utakupa majani ya kutazama. Ama umwombe jirani apunguze matawi ya mwembe, ama uuhamishe mti.

Sasa kisu. Jirani yako kakutisha bure. Ua la asumini hutoka kwenye ncha ya tawi jipya, mara nyingi matatu pamoja, la katikati likatangulia. Tawi lililokwisha kuchanua halirudii pale pale mpaka litoe chipukizi jingine. Mti ambao haujakatwa una ncha chache, na zako zote zimekwenda kujificha kwenye nondo na kwenye mwembe. Ukikata juu kidogo ya jozi ya majani, hapo hutoka vichipukizi viwili, kila jani na chake. Vikifika urefu wa kiganja vikate vichwa, utapata vinne. Kikuba kinatoka kwenye hesabu hiyo, hakitoki kwenye dua.

Ukate kiasi gani? Mti uliokupita kimo urudishe kiunoni. Ndiyo, kiunoni. Ondoa na matawi makavu, yanayosuguana, na yale membamba ya ndani yasiyoona mwanga. Kisu kiwe kikali, usichane gome. Kata mvua za vuli zikikaribia au masika yakibisha hodi, ili chipukizi zikute maji na joto. Kipupwe uache upumzike, asumini ni mti wa joto.

Halafu uchume! Watu wanaangalia maua yanaanguka wanasema wanahifadhi mazingira. Chuma alasiri, kitumba kikiwa kimejaa na cheupe lakini bado kimefumba. Cha kijani kiache, ukikichuma hakifunguki. Kile cheupe kitafunguka chenyewe baada ya Maghribi, kikiwa kwenye kitambaa kibichi au jani la mgomba, na harufu yote unaipata wewe badala ya popo. Kufika asubuhi ua limechoka, linaingia rangi ya zambarau hafifu, mteja hakupi hata shukrani.

BwanashambaMstaafu:
Nakubaliana na Bi Mrehani kuhusu kukata. Wakulima wa Madurai, kule Tamil Nadu nchini India, wanaoishi kwa zao hili na ambao asumini yao ilipewa ulinzi wa jina la mahali mwaka 2013 (yaani ya kwingine hairuhusiwi kuuzwa kwa jina la Madurai), hukata vichaka vyao mwishoni mwa Novemba mpaka vibaki na kimo cha sentimita 50 hivi. Hiyo ni chini ya kiuno. Miti haifi.

Jivu ndilo sikubaliani nalo, angalau kwa Kigamboni. Binti, rudia maneno yako mwenyewe: majani MACHANGA yana njano na mishipa ni kijani. Hiyo ni dalili ya upungufu wa madini ya chuma. Ingekuwa njaa ya naitrojeni, ungeanza kuona njano kwenye majani ya zamani ya chini, tena jani zima. Na chuma chenyewe huenda kimo kwenye udongo wako, ila mizizi haiwezi kukichukua kwa sababu ya chokaa. Kigamboni ukichimba kidogo unakutana na mchanga wa pwani na jiwe la matumbawe. Wewe umeongezea ukuta: mafundi hufukia vifusi vya saruji chini ya uzio, na saruji nayo ina chokaa. Jivu linasukuma upande huo huo.

Jipime nyumbani. Chukua udongo mkavu kijiko kimoja, uweke kwenye kisahani, mimina siki. Ukichemka mapovu, chokaa ipo.

Kama ipo, usipigane na ardhi. Panda kwenye chungu kikubwa au ndoo ya lita 20 iliyotobolewa chini. Jaza udongo mwekundu sehemu mbili, mboji iliyoiva sehemu moja, na kichanga kisicho cha baharini sehemu moja. Maji ya kisima cha pwani mara nyingi yana chumvi na chokaa, na ukiona ncha za majani zinaungua rangi ya kahawia ujue chumvi imeshafika. Kinga maji ya mvua kwenye pipa. Na usimwagilie kwa ratiba: ingiza kidole mpaka pingili ya pili, kukiwa kukavu ndipo umwagilie mpaka maji yatoke chini.

BiMrehani:
Bwana shamba, jivu langu ni la ardhi ya kinongo, nyekundu na yenye kina, na huku halijanikera. Lakini ni kweli, dada yangu mwenye nyumba kule maweni, kwenye ardhi ya matumbawe upande wa mashariki, asumini yake ni ya njano kila mwaka na yeye anasema ni hasidi. Binti, jivu usitie.

Mpemba_Maskati:
Salamu kutoka Oman. Huku tunaiita fulu, na karibu kila nyumba ya watu wetu ina vyungu viwili vitatu uani. Nathibitisha habari ya joto. Maskati mwezi wa sita hata kivulini kunapita nyuzi 40, mimi najificha ndani na kiyoyozi, fulu ndiyo kwanza inachanua. Ila ardhi ikikauka siku moja tu vitumba vinaanguka, kwa hiyo tunamwagilia alfajiri, na juu ya udongo tunatandaza makumbi au majani makavu.

La kuongeza ni utitiri. Hewa ikiwa kavu, geuza jani uangalie chini yake: ukiona vumbi linalotembea na utando mwembamba, ndio hao. Usikimbilie dawa. Piga maji ya mpira kwa nguvu chini ya majani, asubuhi, siku kadhaa mfululizo. Vile vidudu vyeupe kama pamba kwenye vikonyo navyo vifute kwa kitambaa chenye maji ya sabuni.

Chungu kisiwe pipa. Mizizi ikiwa na nafasi kubwa mno, mti unajenga mizizi kwanza na wewe unasubiri.

Njiro_Garden:
Mbona wangu hapa Arusha unachanua sana na baridi yote hii? Vitumba vina rangi ya waridi kwa nje, umefunika geti zima.

BiMrehani:
Huo ni ndugu yake. Tazama jani: kama limegawika vijani vidogo vitano au saba kwenye kikonyo kimoja, ni asumini ya Kichina ya kutambaa, na hiyo baridi ndiyo raha yake. Ya kwetu jani ni moja zima, nene, linang'aa. Usimtumie Binti vijiti vya kupanda vya huko, vitamsumbua Kigamboni.

Na kwa kuwa tumefika hapo: ile "malkia wa usiku" yenye vimaua vya kijani vyembamba kama mirija, inayonuka mtaa mzima usiku, si asumini kabisa, na vitunda vyake ni sumu. Wenye watoto muwe macho.

BintiKigamboni:
Nimeweka siki, imechemka kama soda! Asanteni sana. Jirani wa mwembe hataki hata kusikia, kwa hiyo ni ndoo. Maswali yangu: mti mkubwa hivi naung'oaje bila kuuua? Na je, nikiukata sasa, mkwe akija atakuta ua?

BwanashambaMstaafu:
Mkubwa usiung'oe. Utaukata mizizi na matawi kwa pamoja, na kwenye vifusi huwezi kutoka na bonge zima la udongo. Tengeneza mtoto kwa kuzika tawi. Chagua tawi refu la chini linalopindika. Mahali litakapogusa udongo, kwangua gome upande wa chini kwa urefu wa kidole gumba, weka kwenye ndoo yako ya udongo mpya iliyosogezwa karibu, fukia, kandamiza kwa jiwe, ncha ibaki nje. Liache limeunganika na mama yake. Weka udongo wa ndoo katika unyevu. Baada ya miezi miwili hivi livute taratibu, likikataa kutoka ujue limeshika mizizi. Hapo ndipo ulikate kutoka kwa mama na uhamishie ndoo juani.

BiMrehani:
Nami ningefanya hivyo hivyo: zika tawi kwanza, kisha ukate yaliyobaki. Mti ukishakatwa, jua likiwapo, vitumba huonekana baada ya wiki tano sita. Kwenye kivuli cha mwembe usiniahidishe chochote. Ila kuna tundu moja: nondo za dirisha ulizotaja zinatazama wapi? Kama ni magharibi na jua la alasiri linapiga, acha matawi mawili yaliyoshika nondo, yakate vichwa tu, uyatoe kwenye kivuli uyafunge kwa kamba ya katani. Hayo ndiyo yatakayomlaki mkwe.

BintiKigamboni:
Zinatazama magharibi, Bi! Vijiti nitakavyokata nivitupe?

BiMrehani:
Khaa, uvitupe! Chagua vyenye unene wa penseli, si vya kijani kabisa wala si vigumu kama kuni. Kata urefu wa kiganja, kila kimoja kiwe na vifundo vitatu au zaidi. Ondoa majani ya chini, mawili ya juu yapunguze nusu. Chomeka kwenye kichanga kilichooshwa maji ya mvua, kivulini, ufunike na chupa ya maji iliyokatwa kitako ili unyevu usikimbie. Usivivutevute kuangalia. Vikianza kutoa majani mapya baada ya mwezi na ushei, hamishia kila kimoja kwenye kopo lake. Vingine vitaoza, ndiyo maana unachomeka vingi. Cha kwanza kikishika, mpelekee yule jirani wa mwembe.