Usingizi baada ya msosi wa mchana, nile nini?

Mdau wa Mbagala: Wakuu, nashinda dukani Kariakoo, mchana napiga wali maharage wa mama ntilie na soda, ikifika saa tisa nasinzia mbele ya wateja. Nibadili nini, hela ya mambo ya dayati sina

Shangazi: Mwanangu wali hauna shida, shida huo mlima wa wali. Mwambie apunguze, aongeze maharage na matembele, soda acha, ya mililita 350 ina sukari kama vijiko tisa vya chai jamani!

Kibopa: Jaribu dona na dagaa, ina nyuzinyuzi kuliko sembe, ila mie inanijaza gesi

Shangazi: Na kama una kiu sana na kukojoa kojoa kapime sukari