Dune ya 1984 au Dune ya 2021 na 2024: kikosi kipi cha waigizaji kimeuvaa vizuri zaidi uhusika wa riwaya?

Msomaji Mkongwe (mleta mada)

Ndugu wanajukwaa, nimeisoma upya riwaya ya Frank Herbert ya mwaka 1965, kisha nikazitazama kwa kufuatana filamu ya David Lynch ya 1984 na zile mbili za Denis Villeneuve. Naomba tulinganishe waigizaji peke yao, tuyaache kando mandhari na muziki.

Kipimo changu cha kwanza ni Jessica, mama wa kijana Paul ambaye ndiye mhusika mkuu, kwa kuwa Paul anaianza riwaya akiwa na umri wa miaka 15 na sehemu kubwa ya nguvu zake ni mafunzo ya mama yake. Francesca Annis wa 1984 ana haiba na utulivu unaomfaa suria wa mtawala, lakini mawazo ya wahusika katika filamu ile tunayasikia kwa sauti ya kunong'ona, hivyo uso wake haukuachiwa kazi kubwa. Rebecca Ferguson hakupata msaada huo. Katika tukio la sindano yenye sumu, jaribio ambalo Paul anapewa na mkuu wa udugu wa kike uliomfundisha mama yake, wakati Paul ameingiza mkono katika kisanduku cha maumivu, Jessica yuko nje ya mlango akiikariri ile sala ya kuishinda hofu huku mwili ukimtetemeka; tunamwona mwanafunzi aliyetii amri ya wakuu wake na mama asiyeweza kuistahimili amri hiyo, wote wawili katika uso mmoja. Kwa nafasi hii, nampa ushindi Ferguson bila kusita.

Kiti cha Mbele

Naunga mkono hoja kuhusu Ferguson, ila tumtendee haki Kyle MacLachlan. Ile ilikuwa filamu yake ya kwanza, na alitakiwa kumtoa Paul utotoni hadi kwenye ushindi dhidi ya mfalme ndani ya dakika 137, ilhali Timothée Chalamet amepewa filamu mbili ambazo kwa pamoja zinazidi saa tano. Pale Chalamet anaposimama mbele ya viongozi wa kusini wa Fremen, watu wa jangwani wanaomngoja mwokozi, na kupaza sauti, anatutisha kwa sababu tumekaa naye muda mrefu akiikwepa nafasi hiyo ya uokozi. MacLachlan hakupewa muda wa kusitasita, na mwigizaji hawezi kuigiza hatua ambazo muswada umeziruka.

Mchambuzi wa Vivuli

Kwa Baron Harkonnen, adui mkuu wa familia ya Paul, sikubaliani na vikosi vyote viwili. Kenneth McMillan anapiga kelele, ana vidonda usoni, anaelea hewani akicheka. Stellan Skarsgård anazungumza kidogo na polepole, na kimya chake kinatia hofu zaidi. Hata hivyo, Baron wa kitabuni ni msemaji, mtu anayefurahia kuipanga hila yake mbele ya wengine, na sehemu hiyo ya tabia yake haijapata mwigizaji kwenye skrini kubwa. Nikilazimishwa kuchagua, nitamchukua Skarsgård. Kwa Feyd-Rautha, mpwa wa Baron, hapahitaji mjadala mrefu: Austin Butler amempita Sting kwa mbali.

Binti Maktaba

Ndugu Mchambuzi, nakubali kuhusu Butler. Mimi nataka tumwangalie Chani, mwanamke wa Fremen anayependwa na Paul. Sean Young alipewa nafasi finyu mno, kwa hiyo si haki kumpima. Zendaya naye anaonekana kwa dakika chache katika filamu ya 2021, lakini katika ile ya 2024 ndiye anayebeba shaka yote juu ya unabii, na macho yake ndiyo yanayotuonyesha kwamba Paul anapotea. Huyo si Chani wa Herbert, ambaye anabaki upande wa Paul hadi mwisho. Hata hivyo naona mabadiliko hayo yanailinda maana ya riwaya, kwani Herbert alikusudia kutuonya dhidi ya viongozi wanaoabudiwa.

Jambo linaloniuma ni jingine. Utamaduni wa Fremen umejengwa kwa msamiati na taswira nyingi za Kiarabu, lakini nafasi zao kubwa hazikwenda kwa waigizaji wenye asili ya nchi hizo. Souheila Yacoub, mwenye asili ya Tunisia, aliigiza Shishakli, mpiganaji wa Fremen, vizuri sana. Nilitamani kuona wengine kama yeye katika nafasi zenye uzito zaidi.

Msomaji Mkongwe (mleta mada)

Dada Binti Maktaba, hoja yako ni nzito na naipokea yote. Stilgar, kiongozi wa Fremen, wa Javier Bardem nampenda, hasa anavyobadilika kutoka kiongozi mwerevu hadi mfuasi aliyefumbwa macho na imani, lakini hilo haliondoi ulichosema.

Kiti cha Mbele

Kabla hatujakipa kikosi kipya ushindi wote, tuwakumbuke Dkt. Yueh, daktari wa familia ya Paul, na Thufir Hawat, mshauri wao mzee. Kitabuni tunaambiwa mapema kwamba Yueh atasaliti, na uchungu wake kwa ajili ya mkewe aliyetekwa na Harkonnen ndio unaotufanya tumhurumie. Dean Stockwell wa 1984 alipata nafasi ya kuuonyesha uchungu huo. Chang Chen ni mwigizaji hodari, lakini usaliti wake unatufikia kabla hatujamfahamu. Thufir wa Stephen McKinley Henderson aliondolewa kabisa katika filamu ya pili, nasi tukakosa kumwona mzee mwaminifu akitumikishwa na adui aliyemwulia bwana wake. Kwa nafasi hizo mbili, kura yangu inabaki 1984.