Madogo niliowafundisha kutambua habari feki sasa hawaamini hata tangazo la kweli, nifanyeje?

Zabibu_Chungu (mleta mada)

Mbukwenyi wakuu. Mimi ni ticha wa Kiswahili sekondari ya kata huku pembezoni mwa Dodoma mjini. Muhula huu nikaamua kipindi cha klabu, Ijumaa mchana, niwafundishe kidato cha tatu kuchambua habari za mitandaoni. Simu shuleni haziruhusiwi mnajua wenyewe, kwa hiyo naprinti skrinishoti stesheneri kwa hela yangu nabandika ukutani. Tumepitia ile meseji ya "ile hela tuma kwenye namba hii", matangazo ya ajira yenye nembo ya serikali iliyochakachuliwa, linki za kuangalia matokeo wakati NECTA hawajatangaza, picha za zamani zinazorushwa kama za leo. Wamekuwa wajanja balaa, nikibandika tu karatasi hata sijageuka nasikia "feki hiyo ticha!"

Sasa shida ndo hii. Wamekuja watu wa afya na tangazo la chanjo ya HPV, ile ya kuzuia saratani ya shingo ya kizazi, kwa wale mabinti wadogo, chanjo ipo nchini kote tangu 2018 na siku hizi ni dozi moja tu, siyo siri. Wale wa kidato cha tatu ndio wakawa wanapita form one kuwaambia wadogo zao msikubali, feki hiyo, sisi tumefundishwa. TUMEFUNDISHWA! Na mwalimu mwenyewe ni mimi. Mkuu wa shule kaniangalia jicho ambalo sijalielewa mpaka leo.

Nawafundishaje waache kumeza kila kitu bila kuwafanya wakatae kila kitu? Walimu, watu wa habari, walimu wa vyuo naombeni mawazo.

Kipaza_cha_Jamatini

Pole ticha. Nimefanya redio miaka mingi kidogo, naona tatizo liko ukutani kwako. Kama kila karatasi unayobandika ni feki dogo hana haja ya kuisoma, jibu analijua kabla hujachukua gundi. Changanya. Weka za kweli nusu, tena zile za kweli zinazoonekana kama uongo, na za uongo zilizoandikwa vizuri bila kosa la herufi. Na maksi usitoe kwa kusema feki au siyo feki, toa kwa njia aliyopita: ungemuuliza nani, ungeenda ofisi gani, nani mwingine angekuwa ameshaitangaza kama ni kweli. Anayeandika "feki" bila njia anapata sifuri hata kama kapatia.

Halafu kuna jambo naona watu wengi hawalifundishi. Habari moja inaweza kuwa na vitu viwili ndani, kimoja kweli kingine hakijathibitishwa. Wape kikombe cha Babu wa Loliondo, 2011, ile dawa ya kunywa iliyodaiwa kuponya magonjwa sugu, hao madogo wako wakati ule walikuwa bado wadogo sana hivyo hawana ushabiki nacho. Je mzee Mwasapile alikuwepo Samunge? Ndiyo. Watu walienda, foleni ya magari ilikuwa ndefu, kikombe shilingi 500? Ndiyo yote. Je kikombe kiliponya yale magonjwa? Hilo ni dai jingine kabisa na ushahidi wake ni wa aina nyingine, haupatikani kwa kupiga picha foleni. Sisi watu wa habari wakati ule tulirusha sana foleni, na msikilizaji akaona foleni ndo ushahidi. Wakishajua kutenganisha hivyo viwili neno "feki" lenyewe litawapungukia matumizi.

mama_wawili_Makole

Mi naona bora hao wabishi kuliko wazazi wetu. Bi mkubwa wangu alitumiwa ile meseji ya jina litakuja la fulani, akatuma, na bahati mbaya kweli kuna mtu alikuwa anamdai hivyo akaona ni yeye. Wafundishe na hatua ya pili basi siyo kucheka tu darasani: hizo namba za matapeli zinatumwa 15040, na wapige *106# nyumbani na wazazi wao waone kitambulisho kimesajili laini ngapi. Dogo akiweza kumwelekeza bibi yake bila kumgombeza hiyo kwangu ndo mawasiliano umefundisha.

Chimwaga_Zamani

Nafundisha mwaka wa kwanza chuo kimoja hapa hapa Dom, kozi ya stadi za mawasiliano, na nakwambia wanakuja na ugonjwa wote wawili kwa pamoja, hawaamini gazeti lolote ila wanaamini alichowajibu ChatGPT. Ukiuliza chanzo wanaandika "Google". Google siyo chanzo jamani, ni kama kusema nimesikia stendi.

Kuna jaribio la watu wa Stanford, Sam Wineburg na Sarah McGrew, nalipenda sana. Waliwakalisha wanahistoria 10 wenye PhD, wanafunzi 25 wa Stanford na wahakiki taarifa 10, wakawapa tovuti wazikague. Wanafunzi na wengi wa wale wanahistoria waliganda kwenye ukurasa wenyewe wakiangalia muonekano, nembo, marejeo, wakadanganyika. Wahakiki walitoka kwenye ukurasa karibu mara moja wakafungua mingine kutafuta hawa watu ni akina nani. Yaani jibu halikuwa kwenye karatasi, lilikuwa nje ya karatasi. Sasa ticha wewe unabandika karatasi unawaambia waikodolee, ni zoezi lile lile lililowashinda maprofesa.

Bila simu unaweza: kila skrinishoti iwe na bahasha, ndani weka karatasi tatu nne za "huko nje", mfano tangazo la wizara, gazeti la siku ile, waliochunguza kama JamiiCheck au Africa Check wamesema nini. Mwanafunzi haruhusiwi kusema kitu kabla hajafungua bahasha. Na mtaala wa UNESCO wa walimu kuhusu kuchambua habari na taarifa upo bure, wa 2011 na toleo la pili la 2021, ni mrefu, chukua unachotaka.

Kondoa_Irangi

Naongezea moja, wape kazi ya kutengeneza habari wenyewe. Mechi ya shule na shule, tuma waandishi wawili, mmoja akae na mashabiki wenu mwingine akae na wageni, Jumatatu wasome mbele ya darasa. Utasikia mechi mbili tofauti na hakuna aliyedanganya. Ila siasa kaa nayo mbali kwanza, kuna Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 kifungu cha 16, kile cha kusambaza taarifa za uongo, na kuna mzazi atakayekuja ofisini.

Zabibu_Chungu

Asanteni, bahasha nimeikubali na Loliondo naanza nayo. Kondoa hapo kwenye siasa sikubaliani na wewe moja kwa moja, hawa wakitoka hapa miaka miwili mitatu wanapiga kura, nikiwafundisha kukagua meseji za hela tu nimewafundisha nusu. Labda nitumie za zamani ambazo wahusika hawana cha kugombania tena.

Na form one nimeshaongea nao, nimemrudisha nesi mwenyewe wamuulize maswali wanavyotaka. Wa kidato cha tatu ndio niliowapa kazi ya kuandaa hayo maswali. Wawili bado wanabisha, ila sasa wanabisha kwa hoja.

Kipaza_cha_Jamatini

Hao wawili nileteeni redioni.